Shamba la Bwana Kesho (Sehemu ya Sita)

Kama wiki iliyopita hukunisoma nitakueleza kwa kifupi, maana kuyarudia haya yote kunanichoma mimi kuliko wewe.

Mimi ni mtaalamu wa ugani wa chuo kikuu. Fani yangu ni usimamizi wa mashamba. Wenzangu waliwafundisha wakulima mbegu na chanjo, mimi nawafundisha kuamua. Walime nini, waache nini, ng'ombe yupi abaki na yupi aende mnadani. Nilianza kazi hii nikiwa kijana wa kupima maziwa kwenye ndoo za watu, nikasoma, nikapanda, nikapewa ofisi yenye kibao mlangoni. Kisha chuo kikaanza kupunguza watu. Mwenzangu wa mimea akaondoka, wa mifugo akaondoka, tukabaki mimi na Mkuu wa kitengo na gari moja. Na hilo gari, kama mlivyosoma, mimi ndiye niliyelitia mtaroni.

Somo langu lililopendwa kuliko yote lilikuwa la mkulima mmoja aitwaye Bwana Kesho. Ukimwambia palilia, kesho. Ukimwambia ziba banda, kesho. Wakulima walicheka mpaka wakashika mbavu, na waliporudi nyumbani walipalilia.

Nilikuwa nawaambia kwamba nimemtunga. Uongo. Nilimchukua baba mkwe wangu mzima mzima nikamweka kwenye somo. Ili asijulikane nikambadilishia shamba, nikambadilishia ng'ombe, nikambadilishia hata idadi ya watoto. Kitu kimoja tu nilisahau, lango. Lango la baba mkwe ni kichwa cha kitanda cha chuma, kina maua ya chuma yaliyopindwa, na ukilifungua linalia kama mtu anayegeuka usingizini. Nilikuwa nalieleza hilo lango ukumbini kwa madaha, na watu wanalifahamu.

Mke wangu alipojua, alichukua watoto akarudi kwao. Na wiki iliyopita niliishia pale ukumbini, katikati ya somo, niliposikia kiti kinakwaruza sakafu kule nyuma. Baba mkwe akasimama.

"Bwana Kesho ni mimi," alisema.

Ukumbi mzima ukageuka. Mtu mmoja aliyekuwa ameanza kucheka akageuza kicheko kikawa kikohozi.

"Lango ni langu," baba mkwe akaendelea. "Kitanda kilikuwa cha marehemu mama yangu."

"Baba," nikasema, "naomba tukaongee nje."

"Wewe uliongelea humu. Na mimi nitaongelea humu."

Nikakaa.

"Sokoni sasa hivi naitwa hivyo," alisema. "Binti yangu akienda kuchota maji wanamwita mtoto wa Bwana Kesho. Sawa. Jina nimelipokea. Lakini somo pia nimelisikia, na mkwe wangu ni msomi, hawezi kunipoteza. Nasema mbele yenu kwamba yote aliyomwambia Bwana Kesho ayafanye, mimi nitayafanya. Maksai nitauza. Bonde nitalilima. Na sianzi kesho, naanza leo."

Makofi yalipigwa, ndugu zangu, mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Watu walisimama. Mama Mwenyekiti, kiongozi wa chama cha wakulima, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akitabasamu bila sababu, alifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

Mliposikia nyinyi mzee kasamehe, mimi nilisikia neno moja tu. Bonde.

Sikilizeni vizuri hapa, maana msiba wangu wote umejificha hapa.

Bonde la Bwana Kesho, lile la kwenye somo, lilikuwa kavu. Nililikausha mimi kwa mdomo wangu, ili lisifanane na la baba mkwe. Nikasema mkulima huyu ana bonde zuri, kavu, lenye rutuba, amelala nalo majani yanaota tu, kwa uvivu. Nikawauliza wakulima, afanye nini? Wakajibu kwa pamoja, alilime.

Bonde la baba mkwe si kavu. Nalijua kuliko kiganja changu. Nilipokuwa mwanafunzi nilichimba shimo mle la kupimia udongo, na kabla halijafika magotini maji yakaanza kuchuruzika kutoka pembeni. Yale majani ndiyo yanayoshikilia ardhi. Mvua ikinyesha milimani kijito kinapanda, kinapita juu ya majani, kinashuka, na udongo unabaki. Ukiyaondoa majani, kijito kinaondoka na shamba. Na majani hayo hayo ndiyo chakula cha ng'ombe wake wa maziwa.

Kwa hiyo ushauri ule ulikuwa mzuri sana kwa shamba ambalo halipo.

Ningeweza kusema pale pale. Ningenyanyua mkono, niseme jamani, subirini. Sikusema. Watu walikuwa wananipigia makofi, na nilikuwa na miezi mingi sijapigiwa makofi na mtu yeyote.

Nje ya ukumbi Mkuu alinikumbatia. Mkuu hakumbatii watu.

"Umetuokoa," alisema. "Unajua umetuokoa?"

"Mkuu, kuna jambo."

"Wafadhili wanakuja wiki ijayo. Walitaka kuona shamba moja, moja tu, lililobadilika kwa sababu yetu. Nilikuwa silali. Sasa Mungu katuletea Bwana Kesho mwenyewe, kwa miguu yake."

"Shamba la somo silo shamba la mzee."

"Si amesema mwenyewe ni lake?"

"Nililibadilisha. Bonde lake lina maji. Halitakiwi kuguswa."

Mkuu alinishika mkono, akanivuta mbali na watu.

"Ulilibadilisha kwa nini?"

"Nimfiche asijulikane."

"Kweli umemficha," akasema, na akacheka kidogo, kicheko kikavu. Halafu kikamwisha. "Nisikilize vizuri. Somo lile mimi nimewaeleza wafadhili kwamba ni shamba la kweli. Ndilo linalotulipa mishahara. Siku utakayofungua mdomo useme ulilitunga, wewe huna kazi, mimi sina kazi, na hicho kitengo kitageuzwa stoo ya viti."

"Na mzee je?"

"Mzee tutampelekea trekta la chuo, bure. Mvua bado. Wageni wakishaondoka utamwambia arudishe majani yake taratibu. Umenielewa?"

Nikamwambia nimemwelewa. Mtu aliyekalia kuti kavu huelewa haraka.

Asubuhi yake nilikwenda kwa wakwe kwa pikipiki ya kukodi, kwa sababu gari mnajua liliko. Lango la kitanda likalia niliposukuma. Mke wangu alikuwa bombani anafua nguo za watoto. Hakuinua kichwa.

"Umefuata nini?" aliuliza.

"Nimekuja kuzungumza na baba."

"Hayupo."

"Basi wewe nisaidie. Mwambie asilime bonde."

Aliacha kufua. Alikausha mikono kwenye kanga polepole, kidole kimoja kimoja, jambo ambalo hulifanya akiwa amekasirika sana.

"Baba watoto, unajua kwa nini yule mzee alisimama mbele za watu?"

"Alikasirika."

"Wewe kila kitu unajua, isipokuwa watu. Mimi nilimwambia sirudi kwako tena. Nikamwambia siwezi kuishi na mtu aliyemfanya baba yangu kichekesho. Siku ile hakula. Jioni akaniambia, nikilichukua lile jina mwenyewe, kwa mdomo wangu, halitakuwa tusi tena, na wewe utaweza kurudi kwa mumeo. Alisimama ili mimi nirudi kwako."

Aliokota nguo ya mtoto, akaikamua.

"Na sasa unataka nimwendee nimwambie, baba, ulivyojidhalilisha vile haitoshi, rudi ukae, kweli wewe ni mtu wa kesho?"

"Bonde lina maji, mke wangu."

"Umejua lini?"

"Nilijua tangu zamani. Lile shimo."

Lile shimo analifahamu vizuri. Ndilo alilotumbukia mara ya kwanza tulipoonana, amebeba mzigo wa majani kichwani, na mimi nikamtoa akiwa na matope mpaka kifuani na matusi mpaka mdomoni. Tumelicheka shimo hilo miaka yote ya ndoa yetu. Watoto wetu wanajua hadithi yake.

"Kwa hiyo ulijua," alisema taratibu. "Ukasimama ukumbini ukasema ni kavu."

"Nilisema la Bwana Kesho ni kavu."

"Usinichekeshe." Lakini hakucheka. "Nenda ukamwambie mwenyewe. Mimi simwambii. Na ukishamwambia, ndipo nitajua kama nina mume."

"Yuko wapi?"

"Ametoka alfajiri. Amepeleka maksai mnadani."

Nilikaa pale langoni nimsubiri. Nilikaa kweli, nawaapia. Lakini simu ya Mkuu ikaita, kisha ikaita tena, njoo ofisini mara moja, wafadhili wametuma maswali, kuna ratiba, kuna mahema, kuna hotuba. Nikaenda. Nilijiambia ni kwa saa moja. Alinibana huko siku tatu, kila nikinyanyuka ananipa kazi nyingine, na mimi, nikiri tu, kila akinipa kazi nyingine moyo wangu ulikuwa unashusha pumzi.

Niliporudi, lango lilikuwa wazi. Kulikuwa na alama za matairi makubwa zimepita katikati ya bustani ya mama mkwe. Nilizifuata mpaka chini.

Bonde lilikuwa jeusi. Kila lilipokuwa jani, palikuwa pamegeuzwa. Trekta la chuo lilikuwa limeegeshwa ukingoni, na dereva amekaa kwenye tairi anajifuta shingo, ameridhika kabisa.

"Mwalimu, hili shamba sijawahi kuona," alisema. "Jembe linaingia kama linaingia kwenye unga. Hata gia sibadilishi."

"Ulianza lini?"

"Juzi. Hapa nilimaliza juzi hiyo hiyo."

"Sasa bado unafanya nini huku?"

Dereva akatazama pembeni. "Navinjari vinjari tu," alisema, na mimi kwa kuchanganyikiwa kwangu sikumuuliza anavinjari wapi. Mtaona.

Baba mkwe alikuwa amesimama katikati ya matuta, na koti lake la kutokea, kana kwamba kalilima mwenyewe. Aliponiona akanyoosha mkono kuonyesha bonde lote.

"Mkwe wangu," akasema. "Nani Bwana Kesho sasa?"

Nilikwenda mpaka karibu naye. Nilihisi viatu vinazama kidogo kila nikikanyaga. Nilitamani azione hizo nyayo mwenyewe, nisihitaji kusema. Hakuziona, alikuwa ananitazama usoni, na alikuwa na furaha.

"Baba," nikasema. "Hapa hapakutakiwa kulimwa."

"Umesema?"

"Hapa pana maji. Mvua ikija, hili lote litaondoka. Mimi nilijua. Lile bonde la somo nililisema kavu ili nikufiche wewe usijulikane."

Alibaki amenyoosha mkono vile vile, halafu akaushusha. Sijui nilitegemea nini, matusi labda, au kofi. Alijikuna kidevu.

"Ukumbini ulisema pakavu," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Hapa tuko wawili unasema pana maji."

"Ndiyo."

"Nina wakwe wawili, basi. Mmoja wa mbele za watu na mmoja wa uani. Binti yangu nimemwozesha yupi?"

"Nisamehe, baba."

"Sijakuuliza habari ya msamaha. Maksai wangu wamekwenda. Wale ng'ombe pale juu tangu juzi wanalia, hawana majani, mama yako anawalisha maganda. Mimi na aibu yangu nilisimama mbele ya watu wote. Na wewe ukija kusema kweli unakuja kuninong'oneza shambani?"

"Nifanye nini?"

"Wageni wako si wanakuja? Watu wote watakuwepo. Yaseme pale, kwa kile kipaza sauti chenu, kama ulivyoyasema yale mengine."

"Baba, nitafukuzwa kazi."

"Mimi nimefukuza maksai," akasema, akaniacha nimesimama kwenye tope.

Nilipopita bombani mke wangu alikuwa pale pale. Alinitazama viatu.

Usiku wangu sitawasimulia. Niseme tu kwamba nilijipanga maneno na kuyapangua mpaka nikasahau nilianzia wapi, na asubuhi nilivaa shati langu la pekee lililopigwa pasi na mke wangu kabla hajaondoka. Nilikuwa nimelitunza.

Siku ya wageni ilikuwa na jua zuri la kudanganya. Mabenchi ya shule yalipangwa juu ya ukingo wa bonde, mahema mawili, jenereta, maikrofoni, maji ya chupa kwa wakubwa. Wakulima walifurika. Mkuu alikuwa amevaa tai, anatembea kwa vidole kama mtu mwenye harusi.

Basi la wafadhili likafika. Dereva wake, asijue lolote, akaona pale chini pametandazwa pazuri pasipo na mawe, akashuka hapo ili ageuze. Gurudumu la mbele likaingia. Akakanyaga mafuta. Gurudumu likaingia zaidi, na pembeni yake maji yakaanza kujaa, maji safi tu, yanapanda kimya kimya.

"Sukumeni," Mkuu alinong'ona huku anatabasamu kwa wageni. "Sukumeni haraka."

Tulisukuma. Mimi nilisukuma. Mgeni mmoja, mama mwenye kofia pana, aliinama dirishani akayatazama yale maji kwa udadisi, kisha akaandika kitu. Basi likatoka, likaacha shimo, na shimo likawa kidimbwi. Mkuu aliagiza liwekwe majani juu. Hapakuwa na majani.

Basi, hotuba zikaanza. Mkuu alisema ya kusema. Alimwita baba mkwe asimame, akapigiwa makofi, akakaa. Hakutabasamu. Mke wangu alikuwa pembeni yake, mtoto wetu mdogo kapakatwa. Kisha Mkuu akasema sasa mtaalamu wetu atatueleza safari ya shamba hili, akanipa maikrofoni, na akanibonyeza bega kwa nguvu.

Nilipiga moyo konde.

"Shamba la Bwana Kesho," nilianza, na watu wakaanza kucheka kwa mazoea. "Shamba la Bwana Kesho halipo."

Wakacheka zaidi. Walidhani ni utani mpya.

"Nililitunga. Bonde lake nililikausha mimi kwa maneno, nimfiche mzee huyu, baba wa mke wangu. Bonde lake la kweli ni hili, na hili lina maji, nyinyi mmeliona basi likizama. Halikutakiwa kuguswa. Nilijua hivyo, nikanyamaza, na yeye akalilima kwa kuniamini. Yeye hana kosa. Hajawahi kuwa Bwana Kesho. Aliacha majani yake kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, na mimi nikaita uvivu."

Nikasikia sauti yangu inakatika katikati. Mkuu alikuwa ameshachomoa waya.

Nikaendelea bila maikrofoni. Nilipiga kelele mpaka koo likauma. "Ushauri wangu ulikuwa wa shamba ambalo halipo," nilisema. "Kwa wageni nasema hivyo hivyo."

Mama mwenye kofia pana akamgeukia Mkuu. Mkuu alikuwa ameketi, mikono juu ya magoti, anatazama waya aliouchomoa.

"Umeniua," aliniambia bila kuinua kichwa. Hakuwa na hasira hata. Alisema tu, kama mtu anayetoa taarifa.

Mimi, kusema kweli, kwa sekunde kadhaa nilijisikia mwepesi. Nilimtafuta mke wangu kwa macho. Alikuwa ananitazama, na uso wake ulikuwa umelegea kidogo, ule uso wa zamani. Nikasema moyoni, kazi imekwenda, lakini nyumba yangu imerudi.

Ndipo Mama Mwenyekiti akasimama.

"Mwalimu," alisema. "Umesema bonde la mzee lisilimwe."

"Ndiyo, mama."

"Na la jirani yake?"

Sikumwelewa. "Bonde ni moja, mama. Kijito ni hicho hicho. Juu mpaka chini ni maji yale yale. Kwa nini?"

Aliwageukia wenzake.

"Waliolima bondeni, simameni."

Benchi la kwanza likasimama. La pili likasimama. Wakawa wanasimama mpaka nyuma kabisa, wanaume kwa wanawake, wengine wakijitazama miguu. Nikawa naona migongo na vifua tu. Waliobaki wameketi walikuwa wageni, Mkuu, na baba mkwe na binti yake.

"Tulikuwa tunamwangalia mzee," Mama Mwenyekiti alisema. "Tunamfahamu tangu tuzaliwe. Huyu hakimbilii kitu. Hata kuoa alichelewa. Tulipoona yeye amelima, tukasema, ikiwa hata huyu ameona ni salama, sisi tunangoja nini? Na dereva wenu alikuwa hapo hapo na trekta."

Dereva wa trekta alikuwa anasoma lebo ya chupa ya maji kwa makini sana.

Niligeuka nikatazama. Siku zote zile nilikuwa natazama kipande kimoja tu, cha baba mkwe, kwa sababu ndicho kilichokuwa kinanila roho. Sasa nikainua macho. Kutoka ukingo ule mpaka kwenye daraja, na kupita daraja, bonde lote lilikuwa jeusi. Hapakuwa na jani lililobaki la kushika udongo wa mtu yeyote. Na juu ya milima, kule kijito kinakotoka, wingu lilikuwa limekaa, zito, la rangi ya sufuria. Radi ikanguruma kwa mbali. Watu wote tuliisikia.

Baba mkwe alisimama wa mwisho. Alivua kofia.

"Kwangu mimi umemaliza," aliniambia, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia bila kipaza sauti. "Umesema mbele za watu, nimesikia. Haya mengine tuyaache. Wewe kazi yako ni kutufundisha kuamua. Mvua ile pale. Maksai sina, majani hakuna, na watu hawa wote wamesimama. Tufanye nini?"

Nawaapia nilitafuta. Nilipekua kichwa changu chote, kila darasa nililokaa, kila shamba nililokanyaga. Kuchimba mtaro wa kugeuza maji? Kwa mikono, kabla ya jioni, bonde zima? Kupanda majani upya? Hayashiki kwa siku moja. Kutandaza mabua? Mabua ya wapi? Kila njia niliyoishika ilikatikia mkononi. Walikuwa wananingoja kimya, watu wale wote, kwa adabu ile ile waliyokuwa wakiningojea ukumbini niwachekeshe.

Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Nipeni mpaka kesho," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Mke wangu alimhamishia mtoto bega la pili, akatazama juu, na tone la kwanza likamdondokea usoni.